Mlizamu wa Bi Rosa

Nimekula mkate wangu kwa kuuza theluji. Nimezaliwa Chake Chake, ambako kitu cheupe kinachomwangukia mtu kutoka juu ni cha kunguru, nikaja kukalia kiti cha duka dogo la safari huku Kenton, London, nikiwaambia Wahindi waliozaliwa Kisumu na Mombasa mlima gani wa Ulaya waende wakateleze. Nina shahada ya jiografia. Mama yangu, Mungu amrehemu, mpaka anaondoka duniani alikuwa akiniuliza, "Hiyo theluji unayouza, Salim, ni ya nani?" Sikuwahi kumpa jibu la maana. Sasa duka limefungwa, pale wanatengeneza simu zilizovunjika vioo, mimi nimestaafishwa kabla ya mvi kutimia, na jibu bado sina.

Naandika kwa sababu ya Rahma, binti wa dada yangu. Juzi alikuja kwangu na simu mkononi. Yeye na wenzake wa kazini wanataka wiki ya skii. Rahma amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata kile cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza, hivyo abiria wanaotusikiliza kwenye basi hudhani mmoja wetu ni kiziwi. Neno moja tu hulisema kwa lugha yetu.

"Mjomba," alisema, "mtaalamu ni wewe. Tunataka penye theluji ya uhakika, halafu pawe na uhai, pasiwe kama hospitali. Chagua."

"Vyote viwili?"

"Kwani haviwezekani?"

Nikaenda kutia chai. Kuna maswali ambayo mtu mzima huyajibu akiwa jikoni, amewapa watu mgongo.

Basi sikilizeni, nyinyi mnaochagua mlima kwa kidole. Nitawapa nilichokijua, kabla hakijayeyuka chenyewe.

Kwanza, mkiambiwa kituo kina urefu wa kadha wa kadha kutoka usawa wa bahari, ulizeni: urefu wa wapi? Wauzaji hupenda kutaja kilele, mahali ambapo hapalali mtu ila ndege. Ulizeni mtalala wapi, mtateleza wapi, na jioni mtashuka kwa miguu yenu au kwa lifti kwa sababu huku chini ni matope. Pili, ulizeni mteremko unatazama wapi. Unaotazama kusini hupigwa jua tangu asubuhi. Saa nane mchana unateleza kwenye uji. Unaotazama kaskazini huitunza theluji yake kama bibi anavyotunza khanga za harusi. Tatu, tafuteni miti. Siku ya ukungu, mlimani kusiko na miti hujui juu ni wapi na chini ni wapi, na mimi nimewahi kuanguka nikiwa nimesimama, kwa kudhani nakwenda.

Zile picha za kamera za milimani mnazozitazama kwenye simu, msiutazame mteremko. Mteremko huo wameumwagia theluji ya mashine. Tazameni mapaa ya nyumba na magari yaliyoegeshwa. Gari likiwa safi na paa ni jekundu, mjue ile nyeupe nyuma yake ni zulia limetandikwa kwa ajili ya wageni.

Na uhai wa kijiji? Ulizeni kama kina skuli. Penye skuli pana watoto, penye watoto pana mkate wa asubuhi, na penye mkate wa asubuhi pana watu wawili wanaogombana dukani, na huo ndio uhai wenyewe. Pasipo skuli ni kituo cha basi chenye mandhari.

Haya yote hayakuwemo katika shahada yangu. Aliyenifundisha kuuliza alikuwa mwenye duka, Bwana Dinubhai, mzaliwa wa Mombasa, ambaye hakuwahi kuvaa mbao za skii hata siku moja. Alisema goti lake moja ni la Mombasa na jingine la London, na hayaelewani. Siku yangu ya kwanza nilikuja na ramani zangu za kontua na rula. Alizitazama kwa adabu, kama mtu anayeoneshwa picha za mtoto mbaya.

"Sikiza, kijana," alisema. "Mteja akikuuliza theluji, wewe muulize atakula nini."

Nikacheka moyoni. Mwaka huohuo niliichagulia familia ya Bi Sarla kituo cha juu kuliko vyote nilivyovijua. Bi Sarla alikuwa mfamasia mstaafu wa Stanmore, mzaliwa wa Kisumu, mama wa watoto wanne na kamanda wa wajukuu ambao hata yeye alikuwa akiwachanganya majina. Theluji ilikuwa kiunoni, kavu kama unga wa sembe. Nilijipongeza. Sikufikiri kwamba familia ile haili nyama wala yai, kwamba inasafiri na mpishi wake, unga wake, sufuria yake ya presha na kapu zima la pilipili, na kwamba nimewapangia vyumba katika jengo la zege ambalo jiko lake ni la kuchemshia maji ya chai. Jioni ya kwanza mpishi alikaanga haradali na hingi, kile kiungo chenye harufu kali, kwenye mafuta ya moto. King'ora cha moto kikalia ghorofa zote. Jengo zima likatolewa nje, wengine na mataulo.

Bi Sarla alinipigia kutoka huko nje. Sauti yake ilikuwa imetulia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Salim. Theluji nimeiona. Nimesimama juu yake na malapa."

Dinubhai hakunigombeza. Aliniambia tu, "Sasa tafuta nyumba yenye jiko. Mlima utajitafuta wenyewe."

Ndivyo nilivyompata Bi Rosa. Alikuwa mjane mwenye nyumba ya wageni katika kijiji kimoja cha Austria ambacho sikitaji jina, maana kimekwisha kuteseka vya kutosha. Kijiji cha chini, cha bondeni. Kwa rula yangu kilikuwa hakifai. Lakini miteremko yake ilitazama kaskazini, ndani ya msitu wa misonobari. Kulikuwa na skuli, kanisa lenye kengele iliyochelewa kidogo, na mwoka mikate aliyemchukia mwuza nyama kwa jambo la babu zao. Na jiko la Bi Rosa lilikuwa na milango miwili. Nilipomweleza kwa simu kuhusu mpishi, unga na hingi, aliuliza swali moja tu: "Wanapika saa ngapi?"

Tangu mwaka ule, kila Krismasi, akina Sarla na jamaa zao wa Kenton na Neasden waliijaza nyumba ile mpaka darini. Bi Rosa aliinusa hingi mara ya kwanza, akasema inanuka kama zizi la bibi yake, akafungua dirisha na kuwaachia nusu ya jiko. Baada ya misimu miwili alikuwa akisukuma chapati za duara kuliko za mpishi. Mwoka mikate alikuja kuangalia ushindani, akabaki kula. Mimi nami nilikwenda nao mara kadhaa, kama kiongozi wa msafara, cheo kinachomaanisha mbeba sufuria. Nilimfundisha Bi Rosa msemo wetu, mgeni njoo mwenyeji apone, nikamfasiria maana. Aliupenda. Kila gari la wageni lilipoingia uani alikuwa akitoka mlangoni na aproni yake, akiusema wote kwa lafudhi ambayo ingemfanya marehemu mama yangu atafute kiti.

Lakini kwa kazi yangu, thamani ya Bi Rosa haikuwa chapati. Alikuwa mtu pekee mlimani aliyesema kweli. Ofisi ya utalii ya kule, ukiwauliza hali, hujibu "nzuri sana" hata kama wamesimama kwenye nyasi na ng'ombe. Bi Rosa nilikuwa nikimpigia kila msimu kabla sijamwambia mteja neno, na yeye alikuwa akisema: walete. Au: ngoja wiki. Au: usiwalete, Bwana Salim, naona majani. Mara ngapi ameniambia usiwalete, na wageni wenyewe ni wa kulala kwake! Mtu anayekuambia usije kwangu, huyo siku akikuambia njoo unakwenda hata usiku wa giza.

Na ni yeye aliyenifundisha kusikia. Siku moja nilimuuliza hali kwa simu, akanyamaza. Nikadhani laini imekatika.

"Unasikia?" aliuliza.

"Sisikii kitu."

"Basi inaanguka," alisema. "Theluji haina sauti. Inafunika barabara, inafunika kengele, hata mbwa wa jirani. Ukinipigia na usisikie chochote nyuma yangu, usiniulize, wape watu tiketi. Lakini ukisikia mlizamu..."

Mlizamu wa nyumba ile, mfereji wa maji ya paa, ulikuwa wa bati, umepita juu ya dirisha la jiko palipowekwa simu, na ulishukia kwenye pipa. Mvua ikinyesha, au theluji ya paa ikiyeyuka, ulilia tak, tak, tak, mpaka Kenton. Nikaacha kusoma taarifa za hali ya hewa. Dinubhai aliponiona nimeshika simu nimefumba macho, alisema kijana wa chuo kikuu hatimaye amesoma.

Sasa niwaeleze namna kanuni inavyokufa, kwa sababu hamtaisoma mahali popote. Haifi siku moja. Nilipoanza kazi, tulisema: lala bondeni, teleza juu yake kidogo, na Krismasi utapata theluji mlangoni. Baadaye tukasema: Krismasi ni bahati, nenda mwezi wa pili. Halafu: lala juu zaidi. Halafu: hakikisha wana mashine za kutengeneza theluji. Halafu tukagundua kwamba mashine nazo zinahitaji baridi, kwamba huwezi kutengeneza theluji kwa maji na nia njema. Kila mwaka ushauri wangu ulikuwa ukipanda mlima, na mimi nyuma yake nikihema, na jiografia ilinifundisha jambo moja ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza: kwamba mlima una mwisho.

Bi Rosa alizidi kuniambia naona majani. Akina Sarla waliendelea kwenda. Walipokosa theluji walicheza karata, wakapika, wakatembea msituni na makoti yao ya rangi za mapera mabivu. Lakini watoto walikuwa wakikua, na mtoto aliyekwenda kuteleza akarudi hajateleza miaka miwili mfululizo hamwambii mtu nyumba ilikuwa na uhai. Mwisho wa safari moja, wakati napakia sufuria garini, Bi Rosa alisimama kando yangu na kitambaa cha vyombo mkononi. Alisema bila kunitazama kwamba wageni wengine wameshamwacha. Wiki ya Krismasi ndiyo imebaki. Ikienda hiyo, hatafungua tena.

"Watakuja," nilimwambia.

"Wewe ndiye unayechagua," alisema, na akaingia ndani.

Ikafika Desemba iliyofuata. Dinubhai alikuwa amekwisha kufariki, na mwanawe alikuwa ameniachia duka huku akitafuta mpangaji. Bi Sarla alikuwa anakuja mchana ule kuthibitisha. Asubuhi nikampigia Bi Rosa, nikafumba macho.

"Bi Rosa, hali ikoje?"

"Nzuri," alisema haraka. "Laini. Imeanguka tangu jana. Walete, Bwana Salim."

Na nyuma yake: tak, tak, tak.

Sikusema kitu. Naye alijua kwamba sikusema kitu, maana kimya alinifundisha mwenyewe. Hakuwa amesogeza simu. Angeweza kwenda nayo chumbani, angeweza kufunga dirisha. Mpaka leo sijui kama alisahau au hakutaka uongo wake uwe kamili.

"Mgeni njoo," alisema kwa Kiswahili, taratibu. Nusu ya pili hakuisema. Akakata.

Bi Sarla aliingia na fimbo yake na mjukuu wa kumsindikiza, akakaa kwenye kile kiti ambacho Dinubhai alikiita cha enzi.

"Haya, Salim. Iko au haiko?"

"Bi Rosa anasema iko."

"Mimi nimeuliza Rosa? Namba ya Rosa ninayo. Nakuuliza wewe."

Nilizitazama ramani ukutani. Ningesema iko, wangekwenda. Nyumba ingefunguka msimu mmoja zaidi, watoto wangetazama mvua dirishani na safari hiyo ingekuwa ya mwisho wao. Ningesema haiko, safari ya mwisho ingekuwa imeshapita, na sisi hatukujua kuaga.

"Haiko, mama," nilisema. "Kunanyesha."

Alitikisa kichwa polepole, kama daktari aliyetarajia majibu hayo. "Mimi ningekwenda vilevile. Mimi sitelezi. Mimi nakaa pale dirishani, Rosa ananiletea chai, ananieleza habari za yule mwuza nyama, nimeridhika. Lakini hawa..." Alimnyooshea fimbo mjukuu, kijana mrefu aliyekuwa anatazama viatu vyake. "Huyu anamleta mchumba. Anataka kumwonesha kwamba anajua kuteleza."

"Ba, najua kuteleza," alisema kijana, akimwita bibi yake kwa Kigujarati.

"Unajua kuanguka. Lakini hata kuanguka kunataka theluji." Akanigeukia. "Tupeleke juu, Salim. Na mara hii chungulia jiko."

Nikawachagulia. Nilitumia yote niliyowaeleza hapo juu: urefu wa pa kulala, uso wa kaskazini, mapaa ya nyumba kwenye kamera, hata jiko lenye kofia ya kuvuta moshi. Na theluji ilikuwa bora kabisa. Siku zote jua, usiku baridi, wala king'ora hakikulia. Mchumba aliona kijana akiteleza, na akakubali kuolewa naye hata hivyo. Katika kazi yangu yote sikuwahi kuchagua vizuri kama wiki ile. Bi Sarla aliporudi alinisifu, kisha akakaa kidogo. "Hakuna aliyegombana na mtu," alisema. "Hata mkate wa asubuhi unatoka kwenye mashine. Unatia kadi, unatoka mkate."

Bi Rosa alinipigia baada ya mwaka mpya. Hakuitaja ile simu ya Desemba.

"Walipata theluji?"

"Walipata."

"Vizuri," alisema. "Ulichagua vizuri." Na alimaanisha. Hilo ndilo ambalo sijaweza kulimeza hadi leo, kwamba alimaanisha.

Nyumba iliuzwa. Nasikia wameifanya fleti za watu wa baiskeli wanaokuja kiangazi, na jiko lenye milango miwili sasa ni mahali pa kuhifadhia baiskeli hizo. Skuli ya kijiji imefungwa. Watoto wanapelekwa kwa basi. Mwoka mikate ameacha kazi na mwuza nyama anamkosa. Bi Rosa anakaa kwa binti yake mjini, ghorofa ya tatu. Nampigia mara mojamoja. Hatuna tena biashara. Tumebaki na mazoea.

Rahma aliinywa chai yake hadi mwisho. Nilimwambia jina la kituo, cha juu, kinachotazama kaskazini, cha zege. Alikiandika kwenye simu.

"Na uhai?" aliuliza.

"Nendeni na wenu. Bebeni."

"Na baada ya miaka kumi, mjomba? Nikiwa na watoto?"

Nilianza kutafuta maneno ya mjomba, yale ya kumpa mtoto njiani kama kipande cha mkate. "Waoneshe picha," nilisema. Akacheka, kwa kuwa hudhani natania, akanibusu mkono akaenda zake.

Mchana huo London ilikuwa inanyesha mvua ile isiyo na haraka, inayonyesha kama mtumishi wa serikali. Nikampigia Bi Rosa. Tuliulizana magoti, tukaulizana watoto. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jamaa aliyepotea:

"Kwenu huko, theluji iko?"

Dirisha langu la jiko lilikuwa wazi. Mlizamu wa nyumba hii umelegea tangu mwaka jana, nao unamwaga juu ya kifuniko cha pipa la taka. Ningeweza kwenda na simu chumbani.

"Iko," nilimwambia. "Imeanguka tangu jana."

"Nzuri?"

"Laini."

Tukausikiliza mlizamu pamoja, tak, tak, tak, muda mrefu, na hakuna kati yetu aliyekata simu.